Moduli zisizofungamana ni kinga ya programu za simu

Mfanyabiashara wa Thika mwenye tawi mjini Ruiru, ambaye huuza, huhesabu bidhaa na kupokea malipo kwa programu moja ya simu, hutegemea jambo asiloliona: namna sehemu za programu hiyo zilivyounganishwa. Zikifungamana mno, hitilafu ya moja huziangusha zote.

Sehemu hizo huitwa moduli. Mwaka 1972, mtaalamu David Parnas alieleza kwamba kila moduli yapasa kuficha ndani yake uamuzi unaoelekea kubadilika. Mwaka 1974, Wayne Stevens, Glenford Myers na Larry Constantine walisisitiza kuwa moduli zitegemeane kwa uchache, ilhali yaliyomo ndani ya kila moja yashikamane.

Nchini Kenya, kanuni hiyo hudhihirika katika malipo. Safaricom ilianzisha M-Pesa Machi 2007, na mwaka 2017 ikazindua Daraja, mfumo unaowawezesha waundaji wa programu kuziunganisha na huduma hiyo. Mteja huombwa kuingiza namba yake ya siri katika simu, kisha matokeo hutumwa baadaye kwa seva ya mfanyabiashara.

Hatari imo katika muda huo wa kusubiri. Iwapo maagizo ya kuwasiliana na Daraja yametawanywa katika kurasa za mauzo, bohari na ripoti, mtandao ukikatika kazi yote yaweza kusimama, au mteja akadaiwa mara mbili. Dawa ni kuyakusanya katika moduli moja ya malipo. Moduli ya mauzo huiuliza jambo moja tu: je, risiti hii imelipwa, haijalipwa au inasubiri? Aidha, duka likitaka kupokea Airtel Money pia, moduli hiyo ya malipo ndiyo itakayobadilishwa.

Kupima si kazi ngumu. Mwanafunzi wa kompyuta mjini Juja, kati ya Ruiru na Thika, aweza kuiondoa moduli ya malipo na kuweka ya bandia inayojibu daima “inasubiri”. Mauzo yakiendelea kuandikwa na bohari kuhesabiwa, mpaka umewekwa vyema.

Hata hivyo, kugawa kupita kiasi kuna gharama, kwani kila mpaka huhitaji makubaliano na utunzaji. Mpaka uwekwe pale ambapo mabadiliko yanatarajiwa.