Moyo na Nso: Hoja kutoka Mashamba ya Chai

Mchuma majani wa Boito, katika Kaunti ya Bomet, akiambiwa zahanatini kwamba ana presha, aghalabu hujishika kifua, kana kwamba maradhi yamekwisha kutaja makao yake. Na tabibu naye, akiisha kumfunga mkanda mkononi na kuziandika tarakimu mbili daftarini, mara nyingi humruhusu aende zake bila ya kumpima mkojo. Dai langu ni kwamba wote wawili wametazama upande mmoja tu, kwani presha haifahamiki mpaka mtu atazame na mgongoni pia, chini ya mbavu, mahali palepale panapoegemea kikapu cha majani.

Figo, au nso kama walivyoziita wazee wa pwani, hazifiki uzani wa sehemu moja katika mia ya mwili; walakini moyo huzipa takriban khumsi ya damu yote unayoisukuma, nazo huchuja kiasi cha lita 180 kwa siku, zikarudisha karibu zote, zikatoa mkojo wa lita moja na nusu hivi. Ndizo zinazoamua chumvi ipi ibaki na ipi itoke, na ndizo zinazotoa renini, iliyogunduliwa Stockholm mwaka 1898 na Robert Tigerstedt na Per Bergman, ambayo mwisho wa taathira zake ni kuikaza mishipa. Harry Goldblatt wa Cleveland alieleza mwaka 1934 jinsi alivyoibana mishipa iingiayo katika figo za mbwa, presha ikapanda na kukaa juu, ilhali mioyo yao hakuigusa. Presha hiyo nayo huvichakaza vichujio vya figo, na moyo, kwa kusukuma dhidi ya kizuizi, hunenepa kuta na kudhoofika. Ndiyo maana wengi wenye figo mbovu hufa kwa moyo kabla ya kuifikia mashine ya kusafishia damu.

Wako wasemao kwamba presha ni ada ya uzee. Hao na wamsome C. P. Donnison, tabibu wa zama za ukoloni huko South Kavirondo, upande wa Kisii, jirani kabisa na Wakipsigis wa huku Bomet, aliyechapisha mwaka 1929 vipimo vya watu 1,000 ambao presha yao haikupanda baada ya umri wa miaka 40. Nakiri kwamba umri wenyewe ulikuwa wa kukisiwa. Lakini uchunguzi wa Waluo waliohamia Nairobi, uliotolewa mwaka 1990, ulionyesha presha ikipanda katika muda wa miezi tu, na chumvi ikizidi katika mkojo wao. Umri gani huo uletwao na safari ya basi?

Huku kwetu chumvi ina msaidizi. Katika kituo cha kununulia majani nilimwona mama mmoja akimeza vidonge viwili vya diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa chai ya rangi, na alipovua buti la mpira, alama ya soksi ilikuwa imezama mguuni kama uzi uliokaza unga. "Ni mgongo tu, mwalimu," akasema. Vidonge hivyo hupunguza damu iingiayo figoni, figo zikazuia chumvi na maji, miguu ikavimba, presha ikapanda, na hata dawa ya presha ikapungua nguvu. Hivyo mtu hutibu mgongo kwa kuvidhuru viungo viwili asivyovilalamikia.

Hospitali ya Tenwek, hapo Bomet, hupasua mioyo, na tangu mwaka 2015 mashine za kusafishia damu zimepelekwa katika hospitali za kaunti. Mambo ya kushukuriwa, ila yote hukutana na mgonjwa mwishoni mwa njia. Kijikaratasi kinachochovywa katika mkojo, ambacho bei yake ni ya vijisenti, hukutana naye mwanzoni. Cha mama yule kiligeuka kutoka njano kuwa kijani, maana yake protini inavuja. Nikamsihi aache diklofenaki, nikamtajia parasetamoli. Akacheka, akakitweka kikapu chake.

"Hiyo ni ya watoto, mwalimu."