Ngomo, Mulima Ulio Kati ya Bukavu na Uvira

Ziwa Kivu liko juu, karibu metri 1460. Ziwa Tanganyika liko chini, karibu metri 770. Muto Ruzizi watoka katika la kwanza na kuingia katika la pili, ukishuka kwa nguvu mabondeni. Watu hawawezi kushuka hivyo. Mutu akitoka Bukavu kwenda Uvira apita Nyangezi, kisha afika Ngomo, na hapo nchi yaanguka ghafula hata Kamanyola, penye tambarare na joto. Upande mumoja ukuta wa mulima, upande mwingine korongo. Mvua ikinyesha udongo huteleza. Kamyo mbili zikikutana, moja hurudi nyuma polepole kutafuta mahali pa kupishana. Si wote wafikao chini wazima.

Wabelgiji waliujua mulima huo. Walijenga reli toka Uvira, wakitaka kuifikisha Costermansville, ndilo jina la Bukavu zamani zile. Reli ikavuka tambarare vizuri, ikafika Kamanyola, ikakoma. Toka hapo mizigo ilipandishwa kwa kamyo. Reli yenyewe iliondolewa kabla ya Uhuru wa 1960, wala haikupata kuiona Bukavu.

Kanisa nalo lilipimana na Ngomo. Wapadri Weupe walianza misioni ya Nyangezi mwaka 1906, huko juu. Mwaka 1962 Uvira ikafanywa jimbo peke yake, na Askofu wake wa kwanza akawa Danilo Catarzi, Mwitalia wa shirika la Wasaveri. Sababu za kugawa jimbo ni nyingi. Lakini aliyepata kushuka Ngomo wakati wa mvua kwenda kutoa Kipaimara, nadhani, hakuhitaji kuelezwa sana.

Ajabu ni kwamba musiba mukubwa wa njia hii haukutokea mulimani. Tarehe 2 Julai 2010, katika tambarare, kamyo ya esanse ilipinduka Sange. Watu wakakimbilia kuchota. Wengine walikuwa karibu wakitazama mupira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka, na waliokufa walipita 230. Basi tusitupe makosa yote juu ya mulima. Umaskini nao huua, hata mahali palipo sawa.

Miaka mingi wasafiri wengi waliikimbia Ngomo. Walivuka Ruzizi pale Bukavu, wakaingia Rwanda, wakafuata lami hata Bugarama, kisha wakavuka tena kuingia Kamanyola. Miji miwili ya jimbo moja la serikali, na kati yao mupaka mara mbili! Siwalaumu, nimefanya hivyo mimi pia. Lakini Wanyarwanda nao wana milima, walakini lami yao yapanda na kushuka. Waliobaki Ngomo ni wenye mizigo mizito, na maskini wasio na karatasi za kuvukia. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa ajili ya korona, hata wenye karatasi wakaikumbuka.

Tarehe 18 Agosti 2024 Wakristu walikusanyika Uvira, walipotangazwa wenye heri Luigi Carrara, Giovanni Didonè, Vittorio Faccin na Padri Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Waliotaka kushuka toka Bukavu kwa motokari walipaswa kuchagua kama siku zote: mupaka mara mbili, ama Ngomo.