Mukau wa Mbeere na Sheria ya Miliki Bunifu

Huko Mbeere, upande mkavu wa Embu, kuotesha mti wa mukau si kazi ya kutupa mbegu ardhini na kungoja mvua. Kokwa yake ni ngumu, na mbegu iliyomo huchelewa mno kuchipua. Wakulima walijifunza kuokota kokwa zizini baada ya mbuzi kula matunda, au kuijeruhi mizizi ya mti mkubwa kwa jembe ili machipukizi yatokeze penye kidonda. Kwa kuwa mchwa hawauli mti huo kirahisi, waliutumia kuchongea mizinga ya nyuki.

Je, ujuzi huo ni mali ya nani?

Mwaka 1980 David Brokensha na Bernard Riley walichapisha utafiti kuhusu jinsi Wambeere wanavyoijua mimea yao, na mwaka 1988 wakatoa The Mbeere in Kenya, juzuu mbili, ya pili ikihusu majina na matumizi ya mimea. Nchini Kenya hakimiliki ya kitabu hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini hulinda maneno yalivyopangwa, si ujuzi wenyewe. Ndivyo ilivyo hata kwa masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na H. S. K. Mwaniki katika Embu Historical Texts (1974).

Hataza nayo hulinda uvumbuzi kwa miaka 20. Kwa miongo mingi ilikuwa mbali mno na mwananchi: hadi 1990, hataza haikusajiliwa Kenya kabla ya kutolewa Uingereza. Leo maombi hupokewa na Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, chini ya sheria ya 2001, na sharti la kwanza ni upya. Jambo lililokwisha kuchapishwa si jipya, kwa hiyo atakayedai kuwa ndiye aliyegundua dawa ya mmea ulioelezwa mwaka 1988 anaweza kupingwa kwa kitabu hicho hicho. Huo ni ulinzi wa maana, ila ni nusu tu: unamzuia mgeni, na Mmbeere hapati kitu.

Alama ya biashara imewafaa zaidi wenye vyama. Wafugaji wa ushirika wa Meru huuza maziwa kwa jina la Mount Kenya, na alama iliyosajiliwa huhuishwa kila baada ya miaka 10, bila kikomo.

Aina za mimea hazipewi hataza. Zina haki zake katika sheria ya mbegu ya 1972. Makadamia ya EMB-1 inabeba herufi za Embu, kama KRG-15 inavyobeba za Kirinyaga. Wilaya imo katika jina, mkulima hayumo.

Pengo hilo ndilo lililokusudiwa kuzibwa na sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotimiza ahadi ya Katiba ya 2010. Jamii yenyewe inatambuliwa kuwa mwenye mali, ridhaa yake itafutwe kabla ya ujuzi kutumiwa kibiashara, na kila serikali ya kaunti iweke rejista. Hapo ndipo kazi ngumu ilipo, kwa sababu mukau hauna mpaka: Wakamba wa Kitui wanaujua, na Watharaka pia. Embu ikiuandika peke yake itawadhulumu majirani, na kaunti zote zikingojana, wazee watakufa na maarifa yao kabla rejista haijafunguliwa.