Brusela inapojitokeza kwenye ngozi

Mtu akisikia brusela hufikiria homa inayokwenda na kurudi, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma. Ngozi haimjii akilini, na si ajabu, kwani wagonjwa wengi hawapati alama yoyote mwilini. Madaktari wa nchi zenye ugonjwa huu kwa wingi hutaja kati ya wagonjwa 1 na 14 katika kila 100. Hao wachache ndio ninaowaandikia leo, maana ndio wanaohangaika na dawa za kupaka kutoka duka hili hadi lile ilhali ugonjwa uko kwenye damu.

Bakteria wake huishi kwa mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia. David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alimgundua mwaka 1887 kisiwani Malta katika bandama za wanajeshi waliokufa. Mwaka 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kuwa chanzo ni mbuzi, na wanajeshi walikuwa wakinywa maziwa yao. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa. Mtego huo upo hadi leo.

Sasa tuje kwenye ngozi. Alama haziwi za namna moja. Kuna vipele vidogo vyekundu au mabaka yanayotapakaa kifuani, mgongoni na mikononi, ambayo aghalabu huitwa aleji. Kuna vinundu vigumu chini ya ngozi, hasa kwenye miundi ya miguu, vyekundu na vyenye kuuma ukivigusa. Hivyo hutokana na kinga ya mwili inavyopambana na ugonjwa. Mara chache hutokea jipu au kidonda kisichopona, pale bakteria anapofika kwenye ngozi kwa njia ya damu. Kisha kuna vidoa vya rangi ya zambarau, vidogo kama ncha ya sindano. Vibonyeze kwa kidole: visipofifia, ni damu iliyovuja chini ya ngozi, pengine kwa kuwa chembe za kugandisha damu zimepungua. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Wafugaji na madaktari wa mifugo wana upele wao. Ukimzalisha mbuzi au kutoa kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na mwili wako umeshawahi kukutana na bakteria huyu, mikono inaweza kuwasha na kutoa vipele vyekundu muda mfupi baadaye, wakati mwingine vyenye usaha. Mchubuko mdogo tu unatosha kumwingiza mwilini. Wachinjaji wetu nao wamo, na siku za Idd sote huwa wachinjaji.

Hata hivyo, hakuna hata alama moja kati ya hizi iliyo ya brusela peke yake. Vinundu vya miguuni huletwa pia na kifua kikuu au dawa fulani. Kwa hivyo mwelezeni daktari mambo mawili bila kungoja kuulizwa: homa imeanza lini, na maziwa mabichi mara ya mwisho yalinywewa lini. Dalili huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kujitokeza, na mtu husahau kile kikombe cha maziwa ya ngamia alichokaribishwa safarini Tana River.

Mimi siridhiki na kliniki zinazopima tone la damu na kutangaza brusela papo hapo. Kipimo kile cha haraka kilichozoeleka nchini hukosea sana. Ulizeni cha Rose Bengal, na panapowezekana damu ioteshwe maabara.

Tiba si ya wiki moja. Kwa mtu mzima kwa kawaida ni doksisaiklini kwa wiki 6 pamoja na dawa nyingine, kama rifampisini. Mjamzito na mtoto mdogo hupangiwa dawa tofauti. Doksisaiklini hufanya ngozi iungue upesi na jua, na jua letu mnalijua, kwa hivyo vaeni mikono mirefu. Rifampisini hugeuza mkojo na jasho kuwa rangi ya chungwa; hilo lisimtishe mtu akaacha dozi. Lakini upele mpya ukizuka katikati ya tiba, rudini kwa daktari, kwani huenda safari hii ni dawa yenyewe.

Na maziwa yachemsheni mpaka yafoke, hata ya ngamia, hata yakiitwa dawa.