Mashabiki wa dansi na kumbi za Dar es Salaam

Bendi ya dansi ya Dar es Salaam iliishi kwa kiingilio. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Za wanamuziki wake zilitengenezwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa kuanzia 1977 hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi nyimbo kwa wingi na kuzirusha nchi nzima, lakini kanda zenyewe zilibaki maktaba ya redio. Aliyeupenda wimbo mara nyingi hakuwa na pa kuununua. Aliufuata kwenye baa yenye ua wa wazi na jukwaa dogo pembeni, akalipa mlangoni, na wiki iliyofuata akaufuata tena.

Ushabiki wenyewe ni wa zamani kuliko magitaa. Ngoma ya beni, iliyoenea pwani tangu mwisho wa karne ya 19 kwa kuiga bendi za kijeshi, ilikuwa na pande mbili zilizoshindana: Marini, ya waliojiona wastaarabu, na Arinoti, iliyowavuta zaidi vibarua na wageni kutoka bara. Kila upande ulikuwa na sare zake na vyeo vyake, na ulitumia fedha nyingi ili mwenzake aonekane duni. Dar es Salaam Jazz Band ilipoanzishwa mwaka 1932, ilirithi mengi ya mtindo huo wa maisha. Yenyewe na zilizofuata, kama Kilwa Jazz na Western Jazz, zilikuwa vilabu: vyombo vilikuwa mali ya chama, wanachama walichanga, na wapigaji wengi walikuwa na kazi nyingine mchana. Neno “jazz” katika majina hayo lisimpoteze msomaji. Kilichopigwa kilikuwa dansi la hapa, lenye rumba ya Kuba ndani yake, na jazz ya Marekani ilikuwa mbali.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1964. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake na kuwaajiri wanamuziki kwa mshahara. Taasisi nyingine zikafuata, zikiwamo polisi, jeshi na umoja wa vijana wa chama tawala, TANU, uliozaa Vijana Jazz. Vyombo sasa vikawa mali ya mwajiri, na jina la bendi pia. Mwanamuziki akihama aliondoka na sauti yake tu, na shabiki ndiye aliyebaki na swali: amfuate mwimbaji au abaki na bendi?

Usiku wa dansi ulikuwa na utaratibu wake. Bendi ilizunguka baa kadhaa kwa wiki, kila siku mahali pake, na ilikuwa na ukumbi mmoja uliohesabiwa kuwa nyumbani. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za kupasha moto. Waimbaji wenye majina hawakuwa na haraka ya kupanda jukwaani. Wimbo wenyewe uligawanyika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ilikwenda taratibu na kubeba kisa: mume aliyesahau watoto, msiba, rafiki msaliti. Hapo wengi walisikiliza kama wanaosomewa barua. Kisha ilifika chemko, ambapo magitaa yalijibizana, tarumbeta na saksafoni vikaingia, na waliokuwa wamekaa wakainuka. Aliyekuja peke yake alicheza peke yake, na hakuna aliyemshangaa.

Katikati ya chemko ndipo ilipoonekana desturi ya kutunza. Shabiki alisogea akicheza, noti mkononi, akaibandika kwenye paji la uso la mwimbaji lililolowa jasho au akaitia mfukoni mwake, kisha akarudi akicheza vilevile. Desturi hii imekita mizizi pia katika taarabu, ambako mtunzaji huweza kuutumia ubeti kumrushia hasimu wake fumbo. Kwenye dansi ilielekea zaidi kuwa shukrani.

Kila bendi ilikuwa na “mtindo”, yaani jina la uchezaji na la mdundo wake, na jina hilo mara nyingi lilishinda jina rasmi. Western Jazz walikuwa Saboso. Tabora Jazz, Segere Matata. Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978 na kampuni ya umma ya usafiri na teksi, ilichukua Sikinde, ngoma ya Wazaramo, na kujiita “ngoma ya ukae”, yaani ngoma ya nyumbani. Bendi ya NUTA, iliyokuja kuwa JUWATA na kisha OTTU, ilishika Msondo, nalo ni jina la ngoma ya jadi. Wamiliki walibadilika, na Mlimani Park yenyewe ilichukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC, mwaka 1983. Shabiki hakujali sana. Yeye alikuwa mtu wa Sikinde au mtu wa Msondo, kama katika soka jirani yake alivyokuwa wa Simba au wa Yanga.

Upinzani huo ulinogeshwa na uhamaji. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo, aliyekuwa NUTA tangu 1964, alihamia Mlimani Park ilipoanzishwa. Mwaka 1985 yeye na mpiga gitaa Abel Balthazar walichukuliwa na Orchestra Safari Sound ya mfanyabiashara Hugo Kisima, wakaanzisha mtindo wa Ndekule. Baadaye Gurumo alirudi Msondo.

Miaka ya 1990 ilileta redio binafsi, kanda zilizouzwa kila kona na, punde, bongo fleva. Kusikia wimbo hakukuhitaji tena kiingilio. Bendi ya African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, ilijaza ukumbi wa Mango Garden Kinondoni kwa vijana, huku Sikinde na Msondo zikibaki na watu wazima wao, zikikutana kwenye mipambano ya sikukuu. Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013, na mwaka huohuo Diamond Platnumz, nyota wa bongo fleva, alimtunza gari. Gurumo alifariki Aprili 2014.