Hoja ya Mradi, Si Kesi ya Biashara

Ukitafsiri "business case" neno kwa neno, utapata "kesi ya biashara", na hapo utakuwa umepotosha mara mbili. Masikioni mwa Mswahili, kesi ina mlalamikaji, mshtakiwa na hakimu. Biashara ni kununua na kuuza. Hospitali ya wilaya inayotaka kuhamisha kumbukumbu za wagonjwa kutoka masjala hadi kwenye kompyuta haimshtaki mtu wala haichuuzi. Inatakiwa ionyeshe kwa nini fedha ziende huko na si kwingine. Napendekeza "hoja ya mradi". Kazi ya hoja tunaijua: katika Bunge la Tanzania, waziri humaliza hotuba yake kwa "naomba kutoa hoja", ndipo wabunge huichambua kabla ya kuamua.

Watakuwapo wa kusema tunalo tayari "andiko la mradi", tena tunao "upembuzi yakinifu". Lakini andiko huomba fedha, na upembuzi huuliza kama jambo linawezekana. Hoja ya mradi huuliza kama linastahili. Kwa hiyo hupambanisha njia zote, ikiwemo ya kubaki na mafaili ya karatasi. Haiishii kwenye bei ya kompyuta. Huhesabu pia leseni, mafunzo ya wauguzi, matengenezo na umeme wa akiba kwa miaka yote ya mfumo. Hutaja pia faida itakavyopimwa: mgonjwa anasubiri dakika ngapi dirishani leo, na atasubiri ngapi kesho.

Wengine wataona huu ni urasimu wa kuchelewesha teknolojia. Uingereza ilianza mpango wa kitaifa wa TEHAMA katika huduma zake za afya mwaka 2002. Mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, baada ya mabilioni ya pauni kutumika. Haraka haikuokoa kitu. PRINCE2, mbinu ya kusimamia miradi iliyotoka nchini humo humo, hudai uhalali wa mradi uthibitishwe tena na tena hadi mwisho. Hapo ndipo neno letu linapofaa zaidi: kesi huisha siku ya hukumu, ila hoja hutetewa kila inapoulizwa, na ikianguka, mradi nao usitishwe.

Afisa wa TEHAMA, kabla ya kuomba seva, andika hoja. Nawe mkurugenzi, usitie saini hati isiyokuonyesha itagharimu nini kuacha mambo yalivyo.