Siku nane zilizogombaniwa Barabara ya Harry Thuku

Jioni ya Ijumaa, anayepita Barabara ya Harry Thuku jijini Nairobi hukuta majengo mawili yanayotazamana kama majirani wasiosalimiana. Upande huu ni Hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa 1904, na baraza yake ambako walowezi walikuwa wakinywa vinywaji huku wakitazama nani anapita. Upande ule ni Ukumbi wa Kitaifa wa Michezo ya Kuigiza, ambao wasanii huuita KNT, kifupi cha Kenya National Theatre, basi. Hapo kuna mabango ya wikendi: tamthilia, vichekesho, densi, ushairi wa jukwaani. Nje vijana hukariri maneno yao, mmoja akilia machozi ya mazoezi na mwenzake akingoja zamu ya kumbembeleza.

Ifikapo Oktoba 2026, itatimia miaka 50 tangu ukumbi huo uzushe mojawapo ya mizozo mikubwa katika historia ya sanaa nchini Kenya. Kilichogombaniwa kilikuwa siku nane tu za kalenda. Nne zilikuwa za tamthilia moja, nne za nyingine. Mzozo ulimalizikia makao makuu ya upelelezi, CID, ambako mwandishi na mwelekezi waliitwa wakajieleze.

Mwandishi mwenyewe ni Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki Marekani Mei 28, 2025. Alikisimulia kisa hicho mara kadhaa, hasa katika Decolonising the Mind cha 1986 na Penpoints, Gunpoints, and Dreams cha 1998. Makala haya yanamfuata yeye kwa sehemu kubwa, na msomaji akumbuke kwamba anayesimulia ndiye aliyenyimwa nafasi. Waliokuwa na funguo hawakuacha vitabu vya kulinganisha na vyake.

Ukumbi ulizaliwa wakati mbaya. Sheria iliyounda Kituo cha Utamaduni cha Kenya ilipitishwa mwaka 1951, na mlango ukafunguliwa Novemba 1952 na mwigizaji maarufu wa Uingereza, Sir Ralph Richardson. Majuma machache kabla ya sherehe hiyo, Oktoba 20, Gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari, na Jomo Kenyatta na wenzake wakatiwa nguvuni. Basi mjini kulikuwa na msako wa wapiganaji wa Mau Mau, na papo hapo kulikuwa na pazia jipya, taa mpya na mgeni wa heshima kutoka London. Richard Frost, aliyekuwa mwakilishi wa British Council katika Afrika Mashariki, alieleza baadaye katika kitabu chake Race Against Time kuwa nia ilikuwa kuwakutanisha watu waliostaarabika wa rangi zote mahali pamoja. Maneno hayo Ngugi aliyanukuu kwa ukali usiofichika. Waafrika waliokusudiwa kukutanishwa hapo walikuwa wachache mno, na wengi wa wenzao walikuwa wakitembea na vipande vya utambulisho mfukoni, kama hawakuwa tayari kizuizini.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, bendera ilibadilika na jina likabaki. Neno "kitaifa" lilikuwa pale mlangoni tangu mwanzo, lakini kwa miaka mingi waliopata siku nzuri za jukwaa walikuwa vikundi vya Wazungu wakaazi wa Nairobi na michezo ya kuchekesha au ya muziki kutoka London na New York. British Council iliendelea kuwa na kiti katika baraza la usimamizi. Ngugi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kiko ng'ambo tu ya ua, walikuwa wakipiga kelele juu ya jambo hilo muda mrefu kabla ya 1976. Mwenye nyumba, kwa maneno mengine, alikuwa akiomba chumba kwa mgeni wake.

Ndipo ikaja FESTAC.

Nigeria ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la pili la sanaa na utamaduni wa Waafrika ulimwenguni, ambalo lingefanyika Lagos Januari na Februari 1977. Kenya ilichagua tamthilia mbili za kwenda nazo. Moja ilikuwa Betrayal in the City ya Francis Imbuga, kuhusu nchi huru inayotawaliwa na kiongozi asiyetaka kuulizwa swali, ikielekezwa na Tirus Gathwe. Ya pili ilikuwa The Trial of Dedan Kimathi, iliyoandikwa na Ngugi pamoja na Micere Githae Mugo, ikielekezwa na Seth Adagala. Waandishi hao wawili walikuwa wamefika Karunaini, Nyeri, wakazungumza na watu waliomfahamu Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Walikuwa pia na la kujibu. Miaka miwili kabla, Kenneth Watene alikuwa ametoa tamthilia yake kuhusu shujaa huyohuyo, na Kimathi aliyetokea humo alikuwa mkatili, mwenye shaka, aliyepotewa na imani ya watu wake. Ngugi na Micere hawakumtambua.

Kikundi cha FESTAC kilitaka kuonyesha michezo yote miwili nyumbani kabla ya kusafiri, na wakati uliofaa ulikuwa wazi kwa kila mtu. Oktoba ina Sikukuu ya Kenyatta, ambayo leo ni Mashujaa. Oktoba 21 ndiyo siku Kimathi alipokamatwa mwaka 1956, hivyo miaka 20 ilikuwa inatimia. Isitoshe, mwishoni mwa mwezi huo UNESCO ingeanza mkutano wake mkuu hapo Nairobi, na wajumbe wa dunia nzima wangetaka kuona Wakenya wanaigiza nini.

Wakaenda kuomba siku. Wakaambiwa kalenda imejaa.

Iliyokuwa imejaza kalenda hiyo ndiyo iliyowasha moto. Kulikuwa na kikundi cha ballet kutoka Ufaransa, na kulikuwa na City Players, kikundi cha Wazungu wa Nairobi, na mchezo wa muziki wa Marekani uitwao A Funny Thing Happened on the Way to the Forum, ambao ni mzaha kuhusu mtumwa wa Roma ya kale anayetafuta uhuru wake kwa hila. Kejeli hiyo haikumponyoka Ngugi. Kenya ilikuwa na mchezo kuhusu mtu aliyenyongwa kwa kuupigania uhuru wake, na ukumbi wa taifa ukaona afadhali mtumwa wa Roma.

Wasimamizi walikuwa na hoja, na ni hoja ambayo hata leo meneja yeyote wa ukumbi angeitoa: waliotangulia kuandikisha ndio waliotangulia, na tiketi haziuzwi kwa uzalendo. Lakini kikundi cha FESTAC kilikuwa kinakwenda Lagos kwa jina la serikali. Yalitokea mabishano ya barua, ya simu na ya magazetini, na mwishowe zikapatikana siku hizo nane, zilizobanwa katikati ya Wafaransa na Warumi.

Watu walijaa. Kwa masimulizi ya Ngugi, wengine walikuwa hawajawahi kukanyaga zulia la ukumbi ule, ingawa walipita mbele yake kila siku wakienda kazini. Mchezo wa Kimathi una nyimbo na ngoma, na usiku wa kwanza waigizaji walipofika kwenye wimbo wa mwisho hawakukaa jukwaani. Walishuka katikati ya viti wakiimba, na watazamaji, badala ya kupiga makofi na kutafuta makoti, wakainuka wakawafuata. Msururu ukatoka mlangoni, ukafika barabarani, na ng'ambo ya barabara ndipo ilipo Norfolk.

Hapo inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu waliokuwa wakicheza ngoma ile walijua walikuwa wamesimama wapi. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika karibu na hapo, nje ya kituo cha polisi alikozuiliwa Harry Thuku, karani na mwanasiasa kijana aliyepinga kipande na kazi ya kulazimishwa. Mary Muthoni Nyanjiru aliwachochea wanaume waliokuwa wakisitasita, akiwavua heshima yao hadharani kwa namna ya akina mama wa Kikuyu, na umati ukasonga mbele. Askari walifyatua risasi. Waliokufa walizidi 20, Nyanjiru akiwa miongoni mwao, na inasimuliwa kwamba Wazungu waliokuwa barazani Norfolk walijiunga katika kufyatua. Leo barabara ina jina la Thuku. Nyanjiru hakupewa hata kichochoro hapo jirani.

Kwa hiyo wimbo wa Kimathi uliposhika njia ya kuelekea baraza ile mwaka 1976, haukuwa matembezi ya kunyoosha miguu. Polisi walitokea wakawazuia wachezaji wasifike hotelini. Hakuna aliyeumizwa. Lakini muda si muda Ngugi na Adagala waliitwa CID, na swali waliloulizwa, kama Ngugi alivyolikumbuka, lilikuwa kwa nini wanaingilia shughuli za maonyesho ya Wazungu. Huo ulikuwa mwaka wa 13 wa uhuru, na aliyeuliza alikuwa akilipwa mshahara na serikali ya Kenyatta.

Tamthilia zote mbili zilikwenda Lagos. Mwaka 1978 ya Kimathi ilitoka kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, tafsiri ya Raphael Kahaso, na wapo wanaoamini kwamba mazungumzo yake yamekaa vizuri zaidi mdomoni kwa Kiswahili kuliko kwa Kiingereza. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao.

Yaliyofuata yanajulikana. Ngugi aliupa kisogo ukumbi wa mjini akaenda kijijini Kamiriithu, Limuru, ambako yeye na Ngugi wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, ikaigizwa na wakulima na vibarua katika uwanja waliojijengea. Ilianza Oktoba 1977, ikapigwa marufuku Novemba, na kabla ya mwaka kuisha Ngugi alikuwa kizuizini Kamiti bila kushtakiwa.

Ukumbi wa Kitaifa uliingia tena katika hadithi yake Februari 1982, akiwa amekwisha kuachiliwa. Kikundi cha Kamiriithu kilikuwa kimeandaa mchezo wa muziki uitwao Maitu Njugira na kilitaka kuufungulia KNT. Leseni haikutoka. Waigizaji walipofika walikuta milango imefungwa na polisi wako nje. Wakahamia ukumbi wa Chuo Kikuu, wakaita wanachofanya "mazoezi", na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi hayo kwa siku kadhaa, hadi nako kukafungwa. Machi mwaka huohuo serikali ilituma askari Kamiriithu wakaubomoa uwanja. Ngugi alikuwa London miezi michache baadaye, akapata habari kwamba anangojwa uwanja wa ndege, na hakurudi kwa miaka 22.

Baada ya hapo jukwaa la Barabara ya Harry Thuku liliingia kwenye usingizi mrefu ulioamshwa hapa na pale, hasa na wanafunzi waliokuja na michezo yao ya mashindano. Katika miaka ya 1990 Wahome Mutahi, ambaye wasomaji wa magazeti walimjua kama Whispers, alipeleka tamthilia zake za Kikuyu kwenye mabaa, watazamaji wakiwa na chupa mezani, na baa zikajaa kuliko kumbi. Ukarabati mkubwa wa KNT ulifanyika katika muongo wa 2010, na Rais Uhuru Kenyatta akaufungua upya Septemba 2015. Viti vikawa vizuri, taa zikawaka. Chumba kidogo cha maonyesho kikawa na jina la Kiswahili, Ukumbi Mdogo, jambo ambalo ukumbi mkubwa bado unalingoja.

Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilipanda kwenye jukwaa hilo hatimaye, ikielekezwa na Stuart Nash wa Nairobi Performing Arts Studio, siku nyingine kwa Kiingereza na nyingine kwa Kikuyu. Mchezo uliomtia mwandishi wake gerezani ulikuwa sasa unauzwa kwa tiketi. Kwamba mwelekezi alikuwa Mwingereza kuliwachekesha waliokumbuka 1976.

Wasanii chipukizi wana malalamiko yao leo, na polisi hawamo. Wanataja ada ya kukodi ukumbi, kodi, gharama ya taa na sauti, na kikundi kisicho na mfadhili huishia kuigizia makanisani au kwenye kumbi za hoteli. Kalenda, wanasema, hujazwa na mwenye pesa. Si mbali sana na jibu alilopewa Adagala.

Imbuga alifariki 2012, Micere Mugo 2023. Betrayal in the City imetahiniwa katika KCSE na maelfu ya wanafunzi wanaikumbuka mistari yake kwa moyo, kwa hiyo watazamaji wapo. Mzalendo Kimathi imechapishwa tangu 1978. Oktoba 2026 ina siku 31, na wasimamizi wa KNT wanaombwa nane.